Zidaka

Bi Tima Lali aliingia dukani Langoni
kaikumbatia tarakilishi kama mtoto mwenye homa.
Haijazimika, alisema, usiizime,
nimeandika nasaba siku tatu
na sikubonyeza hifadhi.

Programu imeganda. Betri asilimia kumi na moja.
Umeme, kama juma lile zima, haupo.

Nikavaa cheo cha msimamizi mkuu
nikafungua faili ambalo si faili:
/dev/mem.
Ukubwa wake, sifuri.
Ndani yake, mashine nzima.

Ni hivi, nilimwambia, maana alitaka kujua:
kila programu hupewa nyumba ya kufikirika,
huambiwa hiki chumba cha kwanza, hiki cha pili.
Huu ni mlango wa nyuma. Huku hakuna vyumba.
Ni ukuta wa chokaa wenye zidaka,
kila kidaka na namba yake,
na aliyevipanga vitu hakutufikiria sisi.

Siku hizi mlango huu hutiwa komeo.
Mashine hii niliiunda mimi mwaka juzi,
komeo sikulitia. Uvivu, si busara.
Nikaingia kwa kusoma tu; ukiandika humo
herufi moja pasipo pake, mashine hufa imesimama.

Nikatafuta neno *binti*.
Likaja mara mia nne.
Binti Athman bin Shee, kisha takataka,
alama zisizosomeka, kipande cha picha ya keki,
kisha, mbali kabisa, *aliyeacha nyumba ya Mtamuni
na minazi saba*.
Kurasa zimetawanyika kama viatu
mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa,
kila kimoja kizima, kila kimoja mbali na mwenzake.

Niliona na barua isiyonihusu.
Sikuisoma.
Nilisoma mistari miwili.

Asilimia nne. Nasaba imeungana
ila kati ya Shee na Famau pana pengo,
baiti thelathini, zimeshakaliwa na mgeni.
Bi Tima akampigia shangazi yake, Shela.
Shangazi akasema: Bwanadi.
Aliyekaa kando ya shangazi akasema la,
Bwanadi ni nduguye, tena hakuzaa.
Simu ikawa na sauti nne.

Mimi nikanakili nilichopata,
pengo nikaliacha pengo.
Kioo kikazima
na mle gizani wakaendelea kubishana.