Yasiyoozwa Huoza

Ukipenda boga, penda na ua lake:
nimeusema msemo huo miaka arobaini
bila kujua kwamba maua ni mawili.

Julai, Bradford, mvua siku ya sita.
Kishamba changu cha manispaa ni namba thelathini na moja,
mteremkoni, chini ya reli, kodi kwa mwaka.
Maboga yangu yanatunga kama vifundo vya vidole,
yanafika ukubwa wa yai,
yanageuka manjano, yanalainika kitakoni,
yanadondoka.
Nikalaumu udongo. Nikalaumu konokono.
Nikalaumu baridi hii isiyo na haya.

Bi Enid Hardcastle wa namba thelathini
akaja na mwavuli wa marehemu mumewe,
akainama, akafinya kimoja, akanusa.
"Hakijaugua," akasema. "Hakijaolewa."

Hakujua alichonipa.
Ni lugha yangu, si yake, iliyocheka:
yalikuwa yanaoza
kwa sababu hapakuwa na wa kuyaoza.

Nyuki wa huku wana manyoya, kama wamevaa sweta,
na bado wakiona mvua wanabaki ndani
kama sisi.
"Njoo alfajiri. Ikifika saa nne maua yamefunga duka."

Saa kumi na moja na nusu nikamwamsha Mundhir,
ana miaka kumi na miwili na anajua kila kitu.
Bi Enid akatuonyesha:
hili dume, shingo ndefu, nyembamba, halina mzigo;
hili jike, limekalia kiboga chake
hata kabla ya kuposwa.
Madume hutangulia, wiki, wiki mbili,
yanasimama yamejipamba, hakuna wa kumchumbia,
yananyauka hivyo hivyo.

Mundhir akageukia reli. Masikio yamemwiva.
Shuleni amechora stameni na pistili, akapata tisa kwa kumi,
ila mchoro ule haukuwa na mama yake pembeni.

Nikalichuma dume. Nikalivua petali moja moja,
zinachanika kama karatasi iliyolowa,
ikabaki nguzo tu, imejaa chavua,
manjano ile ya binzari inayogoma kutoka kwenye kucha.
Nikaigusisha kwenye ndimi za jike.
"Usisugue," akasema Bi Enid. "Siyo sufuria."
Kisha akalifunga ua mdomo kwa uzi mwekundu wa sufi,
asiingie mwingine,
akinyooshea kidole mamumunye yake mwenyewe.
"Hayana adabu yale."

Ni njiani ndipo Mundhir aliposema, macho kwenye viatu:
kila punje ya chavua huotesha mrija,
mrija unashuka gizani kutafuta yai moja,
punje moja, mbegu moja.
"Boga lina mbegu kama mia tatu, Mama.
Leo umefungisha ndoa mia tatu."
Nikamwambia sina sahani za kutosha.

Lilishika moja tu.
Septemba lilikuwa nene upande mmoja, limesinyaa upande wa pili,
kama uso wa mtu aliyelalia mkono wake.
Huko chavua haikufika. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.
Nililipika kwa nazi ya kopo.
Bi Enid alisema lina sukari mno
na akarudisha bakuli likiwa limekombwa.

Mbegu nimezianika kwenye gazeti, juu ya radieta.
Za upande mnene zimejaa. Zile nyingine
ni maganda bapa, ukiyabonyeza hayana mtu.
Nimepata mia na kumi na tisa zenye watu.

Na uzi ule ulilegea siku ileile, jua lilipochomoza kidogo.
Niliuona. Nilimwona na nyuki, mmoja, anatoka kinyumenyume,
mgongo wote manjano.
Sikumwambia mtu.
Kwa hiyo mwakani sijui nitavuna nini:
boga, mumunye,
au mtoto wa jirani.