Pipi ya Ndimu

Saa tisa wenzao wakienda kuokota korosho
hawa wanne wanabaki.
Ofisini wanaitwa maprofesa wa Mwalimu Nalinga;
zoezi wanalimaliza chaki haijatua,
kisha kazi yao ni kuchokoza madawati ya jirani.

Sikuwa na kitabu cha kuwafundishia.
Nilianza kwa kuwanyang'anya.
"Hapo zamani za kale": nikaifungia kabatini.
"Siku ya siku ikawadia": nayo humo humo.
"Mrembo kama malaika." Lete hapa.
Bakili akalia. Amebakiwa na neno moja tu, mbuzi.
Nikamuuliza, mbuzi yupi?
Jumatatu akaja na mbuzi mwenye sikio lililochanika,
anayetafuna kamba ya kengele ya shule.
Hapo ndipo tulipoanza.

Msiniambie Newala maji ni shida.
Niambieni ndoo ya nani ilitangulia kwenye foleni,
na nani kaisogeza.

Esha Likwata si msemaji.
Miaka kumi, ncha za vidole zimebabuka
kwa mafuta ya maganda ya korosho.
Insha yake ya juzi haikujaza hata nusu ukurasa:

*Gunia la baba lilipanda kwenye mzani.
Mshale ulisimama sitini na mbili.
Kalani aliandika hamsini na nane.
Baba hajui kusoma mshale. Mimi najua.
Kalani aliniona ninavyotazama, akanipa pipi.
Ilikuwa ya ndimu.*

Nilikuwa nimesimama. Nikaketi.
Karani huyo mkewe ni dada yangu;
mwezi ukirefuka, unga nakopa kwake.
Kalamu nyekundu ikanikaukia mkononi.
Ningeweza kumwambia: namba haziipendezi insha.
Ningeweza kumwambia: malizia kwa methali,
maana methali hufunika vizuri, kama kawa.

Lakini nani aliyesema, andika ulichokiona?

Nikasahihisha kosa moja: karani, kwa r.
Hamsini na nane nikaipita kimya,
na pembeni, kwa herufi ndogo za mwoga, nikaandika:
Pipi uliila?

Leo asubuhi daftari limerudi.
Chini ya swali langu: *Hapana, Mwalimu.*
Na chini ya hapo, ndani ya karatasi yake ya kijani,
pipi yenyewe, imebandikwa
kwa utomvu wa mkorosho.