Kugonga Mara Mbili

Dundee, saa kumi alasiri, Januari, na giza limeshatanda.
Daraja la Tay limemezwa nusu na ukungu;
treni inaingia humo na taa zake
kama mtu aliyerudi kutafuta funguo.
Navua koti jeupe. Zamu yangu imekwisha.
Zamu ya mkono inaanza.

Twauita mkono tu. Hauna bega.
Umo ndani ya kabati la kioo, unabeba sahani,
kila sahani visima mia tatu themanini na nne,
seli chini, kirusi juu yake,
na tone la dawa isiyo na jina bado, ina namba.
Hadi asubuhi utamaliza sahani sitini.
Mimi kwa kidole gumba hiki nilimaliza nne kwa siku,
hadi daktari akanifunga bandeji
akaniuliza kama nacheza tenisi.

Miaka kumi na mmoja. Haba na haba, naam,
ila kibaba hiki hakijajaa.
Rangi ikishika, seli zimepona.
Karibu visima vyote hubaki vyeupe.
Mwezi uliopita kimoja, F saba,
kilitoka zambarau kama ganda la biringani.
Tukakumbatiana.
Jumatatu tukajua: kiputo cha hewa.
Kirusi hakikufika kabisa.

Ruaridh, fundi wa mashine, akaja kwangu:
mbona sahani zako hazikuwa na viputo?
Sikujua. Akanipa sahani tupu, akanirekodi.
Kumbe kabla ya kuitua
naigonga ukingo mezani, mara mbili,
ya kwanza polepole.

Nilicheka hadi machozi, yeye haelewi.
Ule ni mkono wa shangazi Mgeni, dukani Ngamiani,
aliyegonga kibaba cha unga kwenye kaunta
unga ushuke, mteja asipunjwe,
huku akimtukana mteja yuleyule kwa deni la Rajabu.
Hakunifundisha.
Nilikuwa juu ya gunia, natafuna njugu.

Sasa imo kwenye programu, mstari wa mia mbili na sita:
gonga, ngoja nusu sekunde, gonga.
Ruaridh aliandika pembeni jina langu.
Nikamwomba alifute, aandike Mgeni.
Akaandika, hakuuliza ni nani.

Nafunga mlango. Mashine ya kahawa imeharibika tena.
Nyuma yangu, katika chumba kisicho na mtu:
ko.
Ko.
Zimebaki hamsini na tisa.