Daftari la Makosa

Nimelikuta nyuma ya kabati, mchwa wamekwisha kula jalada:
daftari la makosa, bweni la wadogo, Kibosho.
Mwandiko ni wangu, wino wa buluu,
na jina ni lako, Apolonia,
kurasa kumi na nne mfululizo.

*Jumatatu. Amembatiza mbuzi wa Sista Afra
kwa maji ya mfereji, akamwita Pontio.
Alipoulizwa: "Alikuwa anakufa, Sista."*
Mbuzi hakuwa mahututi.
Mbuzi alikuwa anatafuna shuka.

*Alhamisi. Mtakatifu Yosefu hayupo kwenye shubaka.
Amekutwa mgombani, amelazwa chali,
kafunikwa khanga, ubavuni ndizi mbili mbivu.
Alipoulizwa: "Huyu seremala, tangu afike hapa
nani amewahi kumwambia akae?"*

Nilicheka nikiwa nimegeukia ukuta.
Kisha nikakupa mkungu mzima wa mshare uumenye,
utomvu ukakupaka vidole vyeusi,
Jumapili ukakunja mikono altareni
kama fundi baiskeli anayesali.

Halafu ukurasa huu.
Tarehe ipo. *Kosa*, nukta mbili, basi.

Ilikuwa masika, siku ya kumi na tisa
bila kuuona mlima hata kidole.
Saa tisa usiku kengele ikalia.
Tukadhani moto. Sista Afra akadhani ni Askofu, amefariki,
akaanza kabisa sala ya marehemu.
Tulitoka mbio, wasichana na magauni ya kulalia,
Mama Mkuu na taa ya chemli na kiatu kimoja,
mimi kichwa wazi, shela nimeisahau kwenye msumari.

Nawe unaning'inia kwenye kamba, miguu haigusi chini.
"Sista! Kumbe una nywele!"
Ndipo ukanyosha kidole chako cheusi.

Kibo ilikuwa nje.
Yote, mpaka mabegani, mweupe wa mbalamwezi,
karibu mno, kama ugali uliopakuliwa sasa hivi
na hakuna aliyethubutu kunawa.

"Ningewaacha mmelala," ukasema,
"hiyo ndiyo ingekuwa dhambi."

Hakuna aliyejibu. Mfereji ulisikika.
Mama Mkuu, aliyekuwa na jongo na hasira za jongo,
alisimama na mguu wake mmoja kwenye tope
muda mrefu kuliko rozari,
akasema tu, "Haya. Kulaleni."
Asubuhi akaniagiza: mwandikie kosa lake.

Nikashika kalamu. Nikaandika *Kosa*.
Nikangoja neno lije.

Siku hizi kengele ni ya umeme, inajilia yenyewe,
haina kamba ya mtoto kuning'inia.
Sijui uko wapi; barua yako ya mwisho
ilikuwa na stempu niliyoshindwa kuisoma.

Ila saa tisa huwa naamka.
Natoka bila shela, natazama juu.
Mara nyingi ni mawingu matupu.