Jino, Pengo, Jino

Mninga wa inchi mbili haudanganyiki.
Niliupelekea wembe namba mbili,
mwembamba kama uzi wa kudarizi kofia,
meno yamebanana
kama watu siku ya malipo ya korosho.
Msumeno wa nakshi ukaimba nusu dakika,
ukanuka moshi,
ta.
Wa pili, ta. Wa tatu hata sikuusikia,
nilisikia mashine ikitafuna hewa.

Nilikuwa nimeahidi herufi ishirini na nne
(Q na X hazina kazi kwetu),
herufi nene, za kusimama zenyewe mezani,
kwa darasa la Mwalimu Nambunga hapa Masasi,
ambako watoto husoma kwa vidole.
Herufi ya bapa huanguka, aliniambia,
na mtoto akimaliza kuipapasa sakafuni
kengele imeshalia.

Mchopa wa karakana ya jirani akachungulia:
"Somoe, meno mengi ndiyo makali!"
Mchopa hutengeneza majeneza.
Mistari yake yote imenyooka,
hajawahi kudaiwa S.

Boksi likaja kwa basi, nikalipokea Mkuti,
limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Tano. Saba. Tisa. Kumi na mbili.
Nikaziinua nyembe moja moja dirishani,
mlima wa mawe ukiwa nyuma yake,
nikazitazama kama mama atazamavyo
kinywa cha mwana anayeota meno.
Namba kumi na mbili ilikuwa pana, nzito,
na kinywa chake cha ajabu:
jino, pengo, jino, pengo,
kama iliyotoka kupigana.

Nikaifunga. Nikakaza
mpaka nilipoigusa kwa kucha ikalia juu, kama mbu.
Nikaipaka nta ya nyuki.
Na mninga, mkaidi yule, ukafunguka,
unga mwekundu ukimiminika chini ya meza
wala si kuganda ndani na kuungua.
Ndipo nilipoelewa kazi ya pengo.
Atafunaye bila kupumzika
hapati pa kumezea.

Lakini wembe mnene haupendi kona.
K ilikubali. M ilikubali.
S ilinigomea mara mbili,
nikaichora upya, nikaipa mapaja,
nikaacha izunguke polepole kama bibi harusi.
O niliitoboa kwanza, nikaupitisha wembe tunduni,
nikaufunga tena juu, na kiini kilipodondoka
kilikuwa cha moto. Kimo mfukoni mwangu hadi leo.

Siku ya G mawingu yalikuwa yameshafunika Mkomaindo
na umeme unafifia, unarudi, unafifia.
Nilitaka niimalize kabla haujakatika.
Nikasukuma.
Kidogo tu.
Juu mstari ulikuwa sawa, chini ulikuwa sawa,
msasa ukapita, mafuta yakapita,
na jicho langu, lenye miaka kumi na tisa ya kazi,
likapitisha.

Sikudhani ana miaka saba.
Alipewa G, akaigeuza, hakuuliza ni herufi gani.
Kidole gumba kikashuka ubavuni,
kikasimama.
"Hapa katikati pana tumbo," alisema.
"Ulikuwa unasukuma kitu?"

Darasa zima lilikuwa linagonga herufi mezani
na mimi nimesimama na kapu langu tupu,
mtu mzima, nimekamatwa.
Nikamweleza: wembe ukisukumwa kwenye mbao nene
hujikunja tumboni, juu na chini vinakuficha.
Nirudishie, nikukatie nyingine.
Akaikumbatia.
"Hii niachie. Hata zikichanganywa
nitaijua."
Akacheka, na meno ya mbele yalikuwa
jino, pengo, jino.

Usiku nikaandika kwenye mfuniko wa boksi,
kwa penseli ya seremala, herufi kubwa:
MNINGA INCHI MBILI, NAMBA 12.
Nikafikiri kidogo, nikaongeza chini yake
USISUKUME,
kisha nikapitisha gumba juu ya maandishi.
Hakukuwa na kitu. Karatasi tu.