Makabidhiano ya Saa Moja Asubuhi

Rayhana, shika kalamu, miguu inaanza kunisaliti.
Chumba cha kwanza amelala. Cha pili kitupu, kimeoshwa.
Cha tatu ni yule wa pacha, daktari atampitia saa mbili.
Cha nne ndicho kilichonikesha,
na fomu yenu ina mistari sita tu.

Aliingia saa nne usiku,
joto la Agosti bado limeng'ang'ania vioo vya Mabela.
Zeyana binti Muhanna, mimba ya kwanza,
njia sentimita tatu.
Mapokezi alisema Kiarabu cha ofisini, kilichopigwa pasi,
kila swali akajibu alhamdulillah,
hata alipoulizwa kama anaumwa.
Saa saba uchungu ukaja na kaka zake.
Kiarabu kikamdondoka kama ushungi:
"Mamaangu nakufa! Nishikeni kiuno!"
Nikajua wetu huyu.
Bibi yake katokea Pemba, au Bujumbura, au Mombasa,
sikumuuliza.

Nilimshusha kitandani. Ndiyo, najua.
Najua kile kitanda kimenunuliwa kwa bei ya gari,
kinapanda, kinashuka, kina vyuma vya kutundikia miguu.
Lakini mtoto huteremka, Rayhana,
na tunamlaza mama chali
kana kwamba tunataka mtoto apande mlima.
Nikazima taa, nikaacha ya bafuni.
Nikatandika mkeka, akapiga magoti,
akayumbisha nyonga polepole
kama anayesaga kitu kwenye jiwe asiloliona.

Mumewe alikuwa koridoni,
Nabhan, kanzu imenyooka, kofia imenyooka,
kapakata tende na chupa ya kahawa.
"Kwetu mwanamume haingii," akaniambia.
Kwetu wapi? nikamuuliza.
Akafikiri.
Akavua kofia, akaiweka juu ya tende, akaingia.
Alimkamata mkewe kiuno kwa viganja viwili
kama nilivyomwonyesha,
na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Bibi Thuwaiba naye alikuwamo, ndani ya simu,
kutoka Ibra, paji la uso tu na kipande cha dari,
anataka kujua uwatu umechemshwa na nani.
Wa tisa aliwazaa kwa kamba iliyofungwa juu ya boriti.
Nikamwambia hapa boriti hakuna, bibi, kuna shingo ya mume.
Akanyamaza, kisha: "Basi aikaze."

Sista Lissy wa Kerala nimemfundisha maneno matatu,
pumua, bado, sukuma.
Kichwa kilipoonekana akapaza sauti: "Bado! Bado!"
na mikono yake inasema sukuma.
Zeyana akacheka. Pale pale, katikati ya moto, akacheka,
na kicheko kikateremsha
alichoshindwa kuteremsha dripu.

Saa kumi na nusu. Msichana.
Kitovu sikukiharakisha, tulingoja kiache kupiga,
Nabhan akashika mkasi, mkono unamtetemeka
kuliko wa mkewe.
Adhana ya msikiti wa jirani ilikwisha kupita.
Ya baba ilianza upya, kwa sauti ya kunong'ona,
sikio la kulia, pua yake ikigusa damu,
akakosea mahali, akarudia.

Meneja atauliza nani aliruhusu watu watatu na simu moja
katika chumba cha mgeni mmoja.
Mwambie nimelala. Kesho nitaandika maelezo,
nitaandika marefu.

Jambo jingine, haliko kwenye fomu.
Bibi anasema kitovu kikidondoka kisitupwe.
Wao wanakaa ghorofa ya tano, hawana hata shubiri ya udongo.
Nimewaambia kuna chungu cha mrehani barazani,
kitatosha kwa sasa.

Mpime mama joto saa tatu.
Mtoto yuko kifuani, usimtoe kwa ajili ya mizani,
uzito hauna pa kukimbilia.
Funguo za kabati hizi hapa.
Ule wa shaba unakwama, usilazimishe:
ugeuze kidogo, ungoje, ugeuze tena.