Misonobari ya Kainuu

Tulikata misonobari arobaini na mmoja baridi ile,
Ilpo na msumeno, mimi na daftari,
vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu za sufu.
Unene, pale kifua cha mtu kinapofika. Uzito kwa kilo:
shina, matawi, majani yake kama sindano, vyote mizanini
hadi mshale ukome kutetemeka.

Usiku, mezani penye harufu ya kahawa na utomvu,
nikatia nukta kwenye karatasi ya miraba.
Zilianza chini, zimelala kama paka jikoni,
kisha zikainuka, zikazidi kuinuka,
mpaka mti mnene kuliko yote ukatoka nje ya karatasi
nikauandika kwenye mbao za meza.
“Nataka mstari,” Bi Tervonen alikuwa ameandika kutoka Helsinki.
Rula yangu iligusa miti miwili, ikaikosa iliyobaki.

Nikafungua kitabu cha logi.

Nikageuza unene, na uzito kwa pamoja,
logi kwa logi zinene, kila mti una hoja,
kumi na mia zifane, mbili ziandame moja,
zote zikafuatane, rula ikawa daraja.

Nilicheka peke yangu. Ilpo akaamka, akidhani nina homa.
Nikamwonyesha. Akatazama, akajikuna ndevu.
“Safi,” akasema. “Lakini huu si msitu.”

Kweli. Huko nje hakuna mti ulionyooka usiku ule;
ilisimama vilevile, imeinama kwa theluji.
Nilichonyoosha ni namna ya kutazama.
Na ukizitaka tena kilo zako,
kilo za kupakia kwenye lori,
kurudi si rahisi kama kwenda:
msitu ukitoka kwenye logi hurudi umekonda,
lazima uuongezee asilimia chache,
fidia ya kunyooshwa.

Mti wa kumi na saba, wenye panda, uliopigwa na radi,
ulibaki chini ya mstari, logi au bila logi.
Bi Tervonen aliuliza kama niliusoma vibaya.
Niliupima mara mbili.
Sikuufuta. Niliuzungushia duara,
na kuni tulizochoma wiki ile, mstari ukikauka wino,
zilikuwa zake.